Mwongozo wa Kumnasa Anayekunywa Betri Yako Usiku

Gari likigoma kuwaka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mtaa mzima wa Dar es Salaam hugeuka karakana. Jirani aliyekuwa anapiga mswaki uani anasema ni plagi. Bodaboda anayesubiri abiria anasema ni pampu ya mafuta, tena kwa uhakika wa mtu aliyeiona ikifa. Babu wa nyumba ya pili anaikumbuka Peugeot 404 yake na kuyalaumu magari ya siku hizi yote kwa mkupuo mmoja. Mama wa vitumbua, ambaye hana gari wala haraka ya kulipata, anausikiliza ule mlio wa tak-tak-tak chini ya boneti, anageuza kitumbua, kisha anasema: "Baba, betri hiyo."

Mama kapatia. Mlio ule hutoka kwenye stata. Umeme uliobaki unatosha kuivuta swichi yake kubwa ya sumaku, lakini mzigo wa injini ukiingia umeme unaanguka, swichi inaachia, inavutwa tena, inaachia tena. Ila swali lenye pesa ndani yake linakuja baada ya hapo, na mtaani haliulizwi: betri imejifia, au kuna anayeinywa? Watu wengi hulijibu kwa kwenda dukani. Wananunua betri mpya, gari linawaka vizuri wiki mbili tatu, halafu tak-tak-tak inarudi, nao wanarudi kumgombeza muuza betri wa watu ambaye hana kosa. Mwizi yuko ndani ya gari, ameletewa chakula kipya.

Mwongozo huu unataka kukuzuia usifanye safari hiyo ya pili dukani, na ikiwezekana hata ile ya kwanza.

Wapokee wasukumaji, lakini wajue gia yako

Vijana watatokea. Hapa kwetu mtu haitwi kusukuma gari, anajileta mwenyewe, na hilo ni jambo la kushukuru. Kama gari lako ni la gia za mkono, wape kazi. Fungua swichi, weka gia namba mbili, kanyaga klachi, wasukume mpaka lishike mwendo, kisha achia klachi kwa ghafla. Injini ikishika, kanyaga klachi tena, na usizime gari kwa ajili ya kuwaaga.

Kama gari ni la otomatiki, na mengi yanayotua bandarini kutoka Japani ni ya namna hiyo, vijana hao wanaweza kulisukuma kutoka Mbezi Mwisho hadi Kimara na lisiwake. Ndani ya gia boksi ya otomatiki nguvu hupitia kwenye mafuta, na mafuta hayo husukumwa na pampu inayozungushwa na injini. Injini ikilala, pampu nayo imelala, na magurudumu yanazunguka bila kuigusa injini hata kidogo. Dereva anayehamisha D kwenda N huku akipaza sauti "sukumeni, imekaribia!" anawachosha watoto wa watu. Waombe wakusogezee gari kivulini tu, uwanunulie soda.

Kubusti ni ibada yenye mpangilio

Tafuta waya nene za kubusti na gari lingine lenye betri ya volti 12. Waya mwekundu uanze kwenye chanya ya betri iliyokufa, ncha yake ya pili iende kwenye chanya ya betri nzima. Mweusi uanze kwenye hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho kabisa ibane kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri. Ziache betri zichajiane dakika tano au kumi, washa, halafu toa kwa kurudi nyuma ulivyoanza. Ukikosea rangi, chanya kwa hasi, unaweza kuunguza fyuzi kuu, daiodi za oltaneta na kompyuta ya gari, na kama siku hiyo ni mbaya zaidi, za gari la aliyekusaidia pia.

Ncha ya mwisho hupelekwa mbali kwa sababu ndiyo inayotoa cheche. Betri inayochajiwa hupumua haidrojeni, na gesi hiyo ikifika asilimia 4 tu ya hewa inaweza kulipuka, ikirusha asidi usoni mwa aliyeinama. Kwa hiyo msaidizi mwenye sigara mdomoni apewe kazi nyingine, mfano kuzuia bajaji zisipite. Na kile kiberiti cha kuangalia maji ya betri gizani kirudi mfukoni. Simu ina tochi.

Gari likiwaka, usidanganyike kwamba mzunguko mmoja wa mtaa umeirudisha betri. Kuwasha injini kwenyewe hakuli sana: stata ikivuta ampea 150 kwa sekunde tatu imetumia kama sehemu ya kumi ya ampea-saa moja. Tatizo ni kwamba betri yako haikufa kwa kuwasha gari. Ilimalizwa yote usiku, na kuijaza betri tupu ya ampea-saa 45 kwa utaratibu unaoifaa, yaani ampea nne na nusu hivi, ni kazi ya saa kumi hadi kumi na mbili kwenye chaja. Oltaneta iliwekwa kulipa deni dogo la asubuhi. Ukiitwisha betri tupu kila siku, nayo inaanza kuungua.

Mita kwanza, betri baadaye

Kama una pesa ya kununua kitu kimoja tu, nunua mita ya umeme. Zile ndogo za njano zinazopangwa mezani Kariakoo zinatosha kabisa kwa kazi hii, na bei yake ni kipande kidogo cha bei ya betri. Naisifia mita kwa sababu ndicho kifaa pekee katika hadithi hii ambacho hakina cha kukuuzia.

Gari likiwa limelala usiku kucha, fungua boneti, funga milango, subiri kidogo, kisha gusisha waya mwekundu wa mita kwenye chanya na mweusi kwenye hasi, mshale ukiwa kwenye volti za DC. Ikisoma 12.6 au zaidi, betri imejaa. 12.4 ni kama robo tatu. 12.2 ni nusu. 12.0 ni robo. Ikishuka chini ya 11.9, umebaki na sanduku zito. Tazama hapo: kati ya kujaa na kuisha hakufiki volti moja. Mtu anayechungulia mita na kukuambia "iko poa, ina kumi na mbili" amekuambia, bila kujua, kwamba robo tatu ya chaji imeondoka.

Ukikuta 10.5 na chaja ya usiku mzima haikuibadilisha, hapo mjadala umekwisha. Betri ya gari ina seli sita, kila moja ikitoa takribani volti 2.1, na mojawapo imeaga dunia. Tano zilizobaki haziwezi kuwasha gari kwa huruma.

Usipime mara tu baada ya kuendesha. Betri iliyotoka barabarani huwa na chaji ya juujuu inayoipandisha kwenye mita na kuyeyuka baadaye. Ukiwa na haraka, washa taa kubwa dakika mbili, zizime, ndipo upime.

Sasa unayo maswali matatu, na nakusihi uyaulize yote: je, betri inachajiwa? Je, kuna anayekunywa usiku? Je, yenyewe bado ina afya?

Mshike fundi mkono

Swali la kwanza hujibiwa injini ikiwaka. Mita kwenye betri isome kati ya 13.8 na 14.5, baadhi ya magari hadi 14.7. Washa taa kubwa, feni na kiyoyozi: ikibaki juu ya 13, oltaneta inafanya kazi yake. Magari mapya ambayo kompyuta ndiyo inayoamua chaji huweza kushuka kwa makusudi yakiwa hayana mzigo, ndiyo maana nasema washa taa kabla ya kuhukumu. Ikikaa kwenye 12 na kitu na inazidi kushuka, hakuna chaji: mkanda umelegea, brashi za kaboni zimeisha, au waya umekatika. Ikipita 15, regyuleta imeshindwa kujizuia. Betri inachemshwa, maji yanakauka, na utasikia harufu ya mayai viza kabla hujaona chochote.

Kipimo hicho hakichukui hata dakika tatu. Lakini kuna kipimo kingine kinachopendwa kwenye gereji zetu kuanzia Tandale hadi Mbagala, nacho kimenikaa moyoni. Fundi anawasha gari, anachukua spana namba kumi, analegeza kichwa cha betri na kukichomoa injini ikinguruma. Gari lisipozima, anatabasamu: "Bosi, umeona? Oltaneta iko fiti. Betri ndiyo imekwisha." Wateja hulipenda tendo hilo kwa sababu linaonekana la kitaalamu. Lina ujasiri ndani yake.

Lilikuwa na maana kwenye gari la dainamo na kabureta, ambalo kitu chake chenye akili nyingi zaidi kilikuwa dereva. Katika gari la leo betri haikai pale kwa ajili ya kuwasha tu. Inazimeza pia zile ruka-ruka za umeme zinazotoka kwenye oltaneta. Ichomoe ghafla wakati oltaneta inasukuma mkondo mkubwa, na volti zinaweza kuruka kupita 40 kwa muda mfupi ambao jicho halioni, ila kompyuta ya injini inauona. Mwingine hutoka hapo salama. Mwingine huondoka na taa ya injini inayowaka, redio iliyokufa, au kompyuta ya kubadilishwa kwa bei ya betri nyingi. Na zaidi ya yote, kipimo hicho hakisemi kama oltaneta inatoa 13.2 au 15.6, ambalo ndilo jambo lililokuleta.

Kwa hiyo spana namba kumi ikielekea kwenye betri huku injini inawaka, mshike fundi mkono. Kwa heshima. Mwambie, "Fundi wangu, naomba tupime kwa mita." Fundi mzuri hatachukia, na wengi wao ni wazuri mno wakipewa kifaa.

Mnywaji wa usiku

Oltaneta ikiwa safi, na betri ikiwa inaamka imechoka baada ya kulala, kuna mnywaji. Hapa ndipo gari huwa na siri nyingi.

Kila gari hunywa kidogo likiwa limezimwa, kwa ajili ya saa, alamu na kumbukumbu ya kompyuta. Hadi miliampea 50 hivi hakuna kesi. Betri ya ampea-saa 45, ile ya NS60 iliyojaa kwenye magari madogo ya mjini, ingehitaji zaidi ya mwezi kukaushwa na kiasi hicho. Lakini taa moja ya wati 5 hunywa karibu ampea 0.4. Iache kuanzia Ijumaa saa kumi na mbili jioni hadi Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, na imeshakunywa ampea-saa 25, zaidi ya nusu ya betri. Balbu ndogo kuliko kidole gumba imekufanya uchelewe kikao.

Kumpima, zima kila kitu, toa waya wa hasi kwenye betri (siku zote hasi ndiyo ya kwanza kutoka na ya mwisho kurudi, ili spana ikigusa bodi isilete fataki). Hamishia waya mwekundu wa mita kwenye tundu la ampea 10, kisha mita ikae katikati ya kichwa cha hasi na waya uliotoa, ili umeme wote upite ndani yake. Usiwashe gari likiwa hivyo. Stata itaunguza mita kabla hujajutia. Milango ifungwe yote, funguo zikae mbali, hasa zile zinazofungua gari zikiwa mfukoni, maana ukisogea nazo gari linadhani mwenyewe amekuja na kuamka. Halafu subiri nusu saa, au zaidi. Kompyuta za gari hazilali zote kwa pamoja, na ukisoma mapema utawashika wasio na hatia.

Mita ikitulia kwenye 0.03, umelala salama. Ikitulia kwenye 0.4 au 0.8, anza kuchomoa fyuzi, moja baada ya nyingine, ukiirudisha kila moja mahali pake kabla ya kwenda inayofuata. Ile itakayoiangusha mita ndiyo njia anayopitia. Soma kwenye kifuniko cha sanduku la fyuzi inalisha nini, na umemkaribia.

Mtuhumiwa wangu wa kwanza, kwa magari yetu, ni redio. Gari limefika na redio ya Kijapani isiyoshika vizuri stesheni zetu, mwenye gari akaitoa na kuweka ile ya kioo kikubwa. Redio za kuongezea huja na waya wa njano na waya mwekundu. Njano hupata umeme muda wote kwa ajili ya kumbukumbu. Mwekundu hupata umeme swichi ikifunguliwa tu, na ndio unaoiambia redio iamke au ilale. Mfungaji mwenye haraka huziunganisha zote mbili pamoja. Redio inawaka, mteja anafurahi, na kuanzia usiku huo redio haijui kwamba gari limezimwa. Kioo ni cheusi, ndani kuko macho.

Wa pili ni taa ya buti. Huwezi kuiona ikiwaka buti likiwa limefungwa, na ndiyo kinga yake. Washa simu irekodi video, iweke ndani, funga buti, subiri kidogo, kisha toa na utazame. Fanya hivyo pia kwenye kile kisanduku cha mbele ya abiria kama kina taa.

Wa tatu hukaa miguuni. Juu ya pedali ya breki kuna swichi, na kati yake na pedali huwa kuna kipande kidogo cha plastiki au mpira. Kikizeeka hupasuka na kudondoka vipande vipande kwenye kapeti, swichi inapoteza cha kuegemea, na taa za breki zinawaka mpaka asubuhi bila mguu wa mtu. Jirani anayekugongea saa tano usiku kukwambia "taa zako za nyuma zinawaka" anastahili chai.

Kisha kuna vilivyoongezwa: traka iliyofungwa na aliyekukopesha, alamu ya pili juu ya alamu ya kiwandani, kamera ya barabarani, spoti za kwenye bampa. Kila kimoja kilifungwa na mtu tofauti, na kila mtu alivua ngozi ya waya alioukuta karibu.

Na yupo mmoja asiyepitia kwenye fyuzi ndogo kabisa, kwa hiyo utazichomoa zote na mita isitikisike: daiodi iliyovuja ndani ya oltaneta yenyewe. Injini ikiwa ya baridi asubuhi, weka kiganja kwenye mwili wa oltaneta. Kama una joto wakati kila chuma kilichouzunguka ni baridi, umemshika. Anayepaswa kuijaza betri mchana ndiye anayeimaliza usiku. Thibitisha kwa kuweka mita kwenye volti za AC injini ikiwaka: ikipita nusu volti, oltaneta iende kwa fundi umeme wa magari.

Ikiwa hakuna aliyekunywa

Inawezekana mahesabu yenyewe ndiyo mabaya. Dereva anayetoka Sinza hadi Mwenge na kurudi, usiku, mvua ikinyesha, kiyoyozi, waipa na taa zikifanya kazi, simu mbili zikichajiwa, na gari likisimama kwenye foleni muda mwingi kuliko linavyotembea, anatumia zaidi ya anachoingiza. Injini ikiwa kwenye sailensa, yaani ikizunguka taratibu gari likiwa limesimama, oltaneta hutoa sehemu tu ya uwezo wake. Huyu hahitaji fundi. Anahitaji kuendesha mwendo mrefu kidogo mara kwa mara, au kuipa betri chaja ya usiku mmoja mara moja moja.

Au betri ni mzee. Gaston Planté alibuni betri ya risasi na asidi nchini Ufaransa mwaka 1859, na mwaka 1912 Cadillac ikaanza kuuza magari yenye stata ya umeme ya Charles Kettering, ikawapumzisha watu kuzungusha injini kwa hendeli. Kazi iliyopewa betri ya gari tangu siku hizo haijabadilika: toa mkondo mkubwa kwa sekunde chache, kisha urudishiwe mara moja. Haikuumbwa kwa kufa na kufufuka. Kila inapoachwa tupu, fuwele za salfeti hugandamana kwenye bamba zake, na kadiri zinavyokaa ndivyo zinavyokataa kuyeyuka. Betri iliyokufa kabisa mara kadhaa haitarudi kuwa ile ile hata uitafutie chaja gani, ndiyo maana mnywaji anapaswa kunaswa mapema.

Joto nalo linaila. Kanuni ya jumla katika fani hii ni kwamba kila nyuzi joto 10 za Selsiasi zinazoongezeka hupunguza umri wa betri kwa kama nusu. Asubuhi ya baridi ya Njombe hufichua betri dhaifu, lakini mchana wa Dar es Salaam na Mombasa ndio unaoidhoofisha. Betri ya pwani ikifika miaka mitatu imekutendea wema. Ipime ikiwa imejaa: mtu azungushe stata huku ukitazama mita. Ikishuka chini ya 9.6, imechoka.

Kabla ya hukumu hiyo, tazama vichwa vyake. Ule unga mweupe au wa kijani unazuia umeme kutoka na kuingia, na umewapeleka watu wengi dukani bure. Mwagia maji ya moto yenye magadi soda, sugua kwa brashi ya waya, kausha, kaza, paka grisi au mafuta ya mgando. Fuata pia waya wa hasi mpaka unapofungwa kwenye bodi na injini. Boliti yenye kutu pale huleta dalili zote za betri mbovu.

Na kama ni betri ya maji, ongeza maji yaliyotoneshwa tu, hadi yafunike bamba. Usiongeze asidi. Kinachopungua ni maji, asidi imebaki ndani, ukiiongeza unaunguza bamba. Maji ya kisima cha Kigamboni yenye chumvi hayafai hata siku ya dharura. Kuhusu hofu ya kuiweka betri sakafuni kwa saruji kwamba "inanyonywa": ilitoka enzi za masanduku yaliyopitisha unyevu. Betri ya plastiki ya leo iweke popote, mbali na watoto.

Ukilazimika kununua

Nenda na ile kuukuu ili ukubwa ulingane. Betri za Kijapani zina namba mfano 46B24L: 24 ni urefu kwa sentimita, na herufi ya mwisho, L au R, huonyesha chanya iko upande gani. Ukichukua R mahali pa L, waya zako hazitafika, na atatokea mtu wa kuzivuta kwa nguvu. Tafuta tarehe ya kutengenezwa. Betri iliyokaa rafuni mwaka mzima bila kuchajiwa imezeeka bila kusafiri. Ipime dukani, mbele ya muuzaji. Chini ya 12.4, mwombe akupe nyingine, au aichaji kwanza.

Ile kuukuu, tafadhali, isiachwe uani wala kumwagwa asidi mtaroni. Ina uzito wa kilo zaidi ya kumi, na zaidi ya nusu ni risasi, sumu inayoharibu ubongo wa mtoto. Mombasa wanalijua hili kwa uchungu. Katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifukiza risasi katikati ya makazi hadi kilipofungwa mwaka 2014. Phyllis Omido, aliyefanya kazi kiwandani hapo na ambaye mwanawe mchanga alikutwa na risasi mwilini, aliongoza mapambano ya wakazi na kupewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu. Betri zilizoyeyushwa pale zilitoka kwenye magari ya kawaida, na hakuna anayejua ngapi kati yake zilitupwa kwa sababu ya balbu ya buti.

Basi nakuomba upime kwanza. Mita ikisema betri ni nzima, iache kwenye gari na umtafute mnywaji. Ikisema imekwisha, mrudishie muuzaji anayezikusanya, ikiwa wima na maji yake ndani, na umdai apunguze bei ya mpya kwa uzito wa risasi uliyomletea.